Malaika Hakumvika Petro Viatu

(Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya kuponywa, kuvaa na kutembea tena)

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 12, yasimuliwa jinsi mfalme Herode alivyomtia Petro gerezani. Usiku ule Petro alikuwa amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, na walinzi wamesimama mlangoni. Malaika wa Bwana akamtokea, nuru ikaangaza chumba, naye akampiga Petro ubavuni na kumwamsha. Minyororo ikaanguka. Nani aliiangusha? Si Petro. Petro alikuwa usingizini, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kushinda chuma.

Lakini yafuatayo yaangaliwe vema. Malaika yule aliyeangusha minyororo hakumfunga Petro mshipi, wala hakumvika viatu, wala hakumtandia joho mabegani. Alimwagiza afanye hayo mwenyewe. Petro, hali usingizi ungali machoni mwake, akajifunga mshipi, akavaa viatu, akajitanda joho, kisha akafuata. Wakapita malindo mawili, na mlango wa chuma ukawafungukia wenyewe. Wakaenda pamoja njia moja tu. Halafu malaika akamwacha, naye Petro akaendelea kwa miguu yake mpaka nyumba ile ambamo wakristu wengi walikuwa wakimwombea.

Basi hapo pana fundisho kubwa. Lile ambalo mtu hawezi, Mungu humfanyia. Lile ambalo mtu aweza, Mungu humwachia alifanye, ingawa ni kwa taabu na polepole. Asiyetenganisha mambo haya mawili hupotea upande huu au upande ule: ama hukata tamaa kwa kuwa hawezi yote, ama huketi bure akingoja kufanyiwa yote.

Wako wagonjwa ambao hujifunza neno hili kwa mwili wao wenyewe. Miongoni mwao ni wale waliopasuliwa na kutiwa kiungo kipya cha nyonga. Mkatekumeni aweza kupata faida kubwa akiwatazama, kwa maana safari yao yafanana na safari yake.

I. KAZI YA MGANGA

Mungu aliumba nyonga ya mtu kwa hekima. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha duara, nacho hukaa katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Mifupa hiyo miwili hufunikwa na gegedu laini, na kwa sababu hiyo mtu huinama shambani, hupanda mlima na hupiga magoti kanisani pasipo kuifikiri nyonga yake. Lakini gegedu likiisha kwa uzee au kwa ugonjwa, mfupa husugua mfupa, na kila hatua huwa maumivu. Tena mara nyingi mzee huanguka, mfupa wa paja ukavunjika karibu na kichwa chake, naye hawezi kusimama tena.

Mganga mpasuaji huondoa kichwa kile kilichoharibika. Ndani ya mfupa wa paja huingiza shina la chuma lenye kichwa cha chuma au cha kauri. Na katika kiuno mara nyingi huweka kikombe kipya chenye plastiki ngumu ndani yake. Mtu mmoja aliyefungua njia ya kazi hii ni mganga Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Kwanza alitumia plastiki iitwayo tefloni, akadhani itadumu. Baada ya miaka michache ikalika, na wagonjwa wakaumia tena. Charnley hakulificha kosa lake. Aliwapasua tena wagonjwa wake, akatafuta plastiki nyingine, hata akajitia chembe za plastiki hizo katika paja lake mwenyewe ili aone jinsi mwili unavyozipokea. Katika mwezi wa Novemba 1962 alianza kutumia plastiki iliyo imara zaidi, nayo ikadumu. Tangu hapo watu wengi sana katika nchi nyingi wamerudishiwa hatua zao.

Kazi hiyo yote hufanywa mgonjwa akiwa amelala. Hawezi kuitenda, hawezi hata kuitazama. Hupewa tu. Lakini siku ya pili kazi yake mwenyewe huanza.

II. MFANO WA MAMA MZEE

Katika kijiji kimoja palikuwa na mama mzee, mjane, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa katika daftari ya wakatekumeni. Alikuwa amekwisha kujifunza sala na amri, naye alitumaini kubatizwa katika usiku wa Pasaka. Mwezi wa Septemba, mvua zilipoanza, alikuwa akipanda njia ya kisimani na ndoo ya maji kichwani. Mguu ukateleza, akaanguka kwa ubavu wa kushoto. Hakuweza kuinuka. Wanawe wakamchukua kwa machela mpaka barabarani, kisha kwa motokari mpaka hospitali kubwa ya mjini. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni pake. Waganga wakampasua, wakamtia nyonga mpya.

Kesho yake akaja mtumishi wa hospitali ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kutembea. Akasema, «Mama, leo utasimama.»

Mama mzee akashangaa. «Mwanangu, jana nimekatwa kwa kisu. Niache nipumzike walau juma moja.»

«Ukilala juma moja, Mama, damu italala nawe miguuni na nguvu zako zitakwenda zao. Shika chuma hiki.»

Akashika chombo cha chuma chenye miguu minne, akasimama huku akitetemeka, akaenda hatua tatu, akalia. Siku iliyofuata akaenda hatua kumi. Baadaye akapewa magongo mawili, akafundishwa utaratibu wake: kwanza magongo, kisha mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Akipanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Akishuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Alirudia utaratibu huo kwa midomo kama mtoto anayejifunza Baba Yetu.

Alipewa pia makatazo matatu ya kushika kwa majuma mengi. La kwanza: asiikunje nyonga kupita kiasi cha mtu aketiye wima kitini, maana yake goti lisipande juu kuliko nyonga. La pili: asipandanishe miguu, wala akiketi, wala akilala. La tatu: asiuzungushe mguu ule kuelekea ndani, wala asigeuke ghafula hali ameukanyagia. Waganga hawatoi wote makatazo yaleyale, kwa kuwa njia za kupasua ni mbalimbali. Mgonjwa hushika yale aliyoagizwa na mganga wake.

Mama mzee aliporudi kijijini akaona kwamba makatazo hayo yameigusa nyumba yake yote. Kigoda chake cha jikoni kilikuwa kifupi mno. Mkeka ulikuwa chini mno. Chooni kulikuwa ni kuchuchumaa. Hata kupiga magoti kanisani hakuruhusiwa kwa wakati ule. Mwanawe mkubwa akamtengenezea kiti kirefu chenye mahali pa kuegemeza mikono, akainua kitanda kwa matofali, akatengeneza kiti chenye tundu kwa ajili ya choo, akaondoa mawe yote ya kujikwaa uani. Hata hivyo mama mzee alinung'unika.

«Nimezaa watoto saba juu ya mkeka,» alimwambia katekista aliyekuja kumtazama. «Na sasa kijana wa mjini anikataza kigoda changu mwenyewe?»

Katekista akajibu, «Mama, kigoda si kibaya. Lakini nyama inayoizunguka nyonga yako bado haijakaza. Ukiikunja mno, kichwa chaweza kutoka katika kikombe chake, nawe utarudi kwenye kisu. Mganga hakukukataza kwa sababu akuchukia. Amekukataza kwa sababu amekuponya, naye hataki uharibikiwe tena.»

Kisha akamkumbusha somo la Kitabu cha Kutoka. Mungu hakuwapa Waisraeli amri kumi wakingali watumwa Misri, akisema wazishike kwanza ndipo awafungue. Aliwafungua kwanza. Aliwavusha bahari kwanza. Baadaye tu, mlimani Sinai, akawapa amri, ili wale waliokwisha kuwa huru wasirudi utumwani. Mama mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, «Basi kigoda mpe mjukuu wangu.»

III. MGUU DHAIFU HUTANGULIA

Taabu kubwa kuliko zote ilikuwa kuvaa. Mtu mzima hafikiri juu ya kuvaa. Ni jambo la dakika mbili. Lakini asiyeweza kuinama kufikia mguu wake hawezi kujivalia nguo ya ndani, wala viatu. Majuma ya kwanza mke wa mwanawe alimvika kila asubuhi. Alikuwa mke mwema, mwenye haraka ya shamba na ya watoto. Alimvika upesi upesi, kama avikwavyo mtoto mchanga. Mama mzee aliona haya kwamba mke wa mwanawe auone uchi wake. Asubuhi nyingine alisema hasikii njaa wala hana haja ya kutoka, akabaki kitandani, ili tu asivikwe.

Mtumishi wa hospitali alikuwa amemfundisha namna ya kuvaa, lakini yeye aliogopa kujaribu. Siku moja akamwita mjukuu wake, akamtuma kutafuta kijiti kirefu chenye ncha iliyopinda kama ndoana. Akamwambia pia achonge ubao mwembamba, laini, mrefu kama mkono, wa kusaidia kisigino kuingia katika kiatu. Kesho yake, alfajiri, akaketi juu ya ukingo wa kile kiti kirefu, akafunga mlango.

Kanuni ni hii. Katika kuvaa, mguu mgonjwa hutangulia. Mtu huishika nguo kwa ncha ya kijiti, huishusha mpaka sakafuni bila kuinama, huuingiza mguu mgonjwa, huivuta nguo mpaka juu ya goti. Ndipo huingiza mguu mzima, ambao waweza kujikunja na kujisaidia. Halafu husimama, mkono mmoja ukishika kiti au ukuta, na mkono mwingine huimalizia nguo. Ndivyo mwanamume afanyavyo kwa suruali. Katika kuvua, utaratibu hugeuka: mguu mzima hutoka kwanza, na mguu mgonjwa hutoka mwisho. Viatu viwe vyenye kushika kisigino na visivyoteleza. Kandambili huangusha watu wengi.

Mke wa mwanawe alisikia kijiti kikianguka ndani, akabisha mlango.

«Mama, nifungulie, nikuvike.»

«Ngoja, mwanangu.»

«Mama, utaanguka! Watu watasema mimi sikutunzi.»

«Watu na waseme. Wewe simama hapo mlangoni. Nikikuita, ingia. Nisipokuita, usiingie.»

Yule mke akasimama mlangoni. Jua likapanda. Kengele ya shule ikalia, watoto wakaenda, naye akali amesimama, jembe mkononi. Mwishowe mlango ukafunguka, na mama mzee akatokea akiwa amevaa, kitenge kimefungwa kiunoni, viatu miguuni, jasho usoni. Kiatu kimoja kilikuwa bado wazi. «Hiki tu,» akasema, «kimenishinda. Nifungie.» Mke wa mwanawe akapiga magoti mbele yake, akakifunga. Hawakusema neno; lakini tangu siku ile walipendana zaidi ya kwanza.

Hapo wapo watu wawili wa kuigwa. Mgonjwa hakuona haya kuomba msaada katika lile moja lililomshinda, wala hakuuomba katika yale aliyoyaweza. Na msaidizi hakuenda zake akisema, «Haya, ukitaka kujitegemea, jitegemee.» Wala hakuuvunja mlango kwa huruma isiyo na subira. Alisimama karibu. Amsaidiaye mgonjwa katika lile analoliweza humnyang'anya nguvu. Na amwachaye peke yake katika lile asiloliweza humnyima mapendo. Malaika alikwenda na Petro njia moja: hakumwacha gerezani, wala hakumbeba mpaka nyumbani.

Tena mkatekumeni na aitafakari kanuni ile ya mguu. Ulio dhaifu hutangulia kuvikwa. Ulio mzima hungoja. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, awafundisha wakristu kwamba katika mwili viungo vilivyo dhaifu ndivyo vya lazima, na vile vionekanavyo kuwa na heshima ndogo ndivyo vinavyovikwa kwa heshima kubwa zaidi. Na ndivyo ipasavyo kuwa katika Kanisa. Katika kijiji ambamo wazee, wajane na vilema huhudumiwa mwisho, nguo imevaliwa kinyume. Itapasuka.

IV. SUBIRA NA AKILI

Hospitali ilikuwa imemwonya mama mzee juu ya dalili za hatari, naye alimfundisha mjukuu wake dalili hizo, ili kama yeye hataweza kusema, mtoto aseme. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au homa ikipanda, mgonjwa arudi kwa mganga. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au kifua kikiuma na pumzi kupungua, apelekwe upesi, kwa kuwa damu yaweza kuganda mguuni na kwenda mapafuni. Maumivu makali yakija ghafula na mguu ukaonekana umefupika, asilazimishwe kutembea; huenda nyonga imetoka mahali pake. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wa wakristu. Lakini kumwombea na kukataa kumpeleka kwa mganga ni kumjaribu Mungu.

Pia apone kwa kipimo chake. Baada ya majuma sita mama mzee alitumia fimbo moja, akiishika kwa mkono wa kulia, yaani upande usiopasuliwa, maana ndivyo mzigo unavyopungua juu ya nyonga mpya. Baada ya miezi mitatu alifika kisimani, lakini bila ndoo. Wengine hupona upesi zaidi, wengine polepole, na nguvu huendelea kuongezeka hata mwaka mzima. Ziko siku za kurudi nyuma. Mkatekumeni aliyeacha ulevi kwa miezi miwili kisha akaanguka usiku mmoja asiseme, «Sikupona kamwe.» Na aamke, ashike gongo, aanze tena kwa mguu uleule.

V. SIKU AMBAPO MWINGINE HUMVIKA

Lakini je, kila mtu atafika siku ya kujivika mwenyewe? Sivyo. Na hapa Petro afundisha mara ya pili. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Yezu alimwambia kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka. Lakini akiwa mzee atainyosha mikono yake, na mtu mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Kwa maneno hayo alionyesha kifo ambacho Petro angemtukuza Mungu kwacho. Na baada ya kusema hayo, Yezu alimwita amfuate. Hakusema: mfuate maadamu wajivika mwenyewe. Mtu aweza kumfuata Kristu hata akiwa amevikwa na wengine.

Hayo yalionekana kwa mwandamizi mmoja wa Petro, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II. Wakristu wa Kongo walimwona kwa macho yao: alifika mwaka 1980, na tena mwaka 1985, ambapo katika Kinshasa, tarehe 15 Agosti, alimtangaza Anuarite kuwa mwenye heri. Alikuwa mtu wa nguvu, mpenda milima. Usiku wa tarehe 28 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 73, alianguka nyumbani mwake, akavunjika mfupa wa paja la kulia. Kesho yake alipasuliwa katika hospitali ya Gemelli mjini Roma, akatiwa kiungo kipya cha nyonga. Siku hizohizo maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi yao, iliyofunguliwa tarehe 10 Aprili. Ilipofungwa tarehe 8 Mei, yeye alikuwa kitandani. Alitoka hospitali tarehe 27 Mei. Siku mbili baadaye aliwaambia waamini kwamba ameelewa kuwa yampasa kuliongoza Kanisa si kwa sala tu, bali kwa mateso pia.

Nyonga yake haikurudi kama ya kwanza. Tangu wakati ule alichechemea, na watu wote waliiona fimbo yake. Hakuificha, wala hakukaa nyumbani. Mwezi wa Septemba 1995 alikwenda Yaoundé, Kamerun, kutia sahihi waraka uliotoka katika Sinodi ile ya Afrika. Baadaye ugonjwa mwingine ulizidi kumdhoofisha, hata akahitaji mikono ya wengine kwa mambo mengi. Naye alikubali, mbele ya macho ya dunia, mpaka kufa kwake tarehe 2 Aprili 2005. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 27 Aprili 2014.

Hata Yakobo, alipokuwa ameshindana usiku kucha kando ya mto Yaboki, aliguswa nyongani, na alfajiri akaondoka akichechemea. Lakini aliondoka na baraka. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba anayechechemea amesahauliwa na Mungu.

VI. VAZI JEUPE

Usiku wa Pasaka ukafika. Mama mzee alitoka nyumbani mapema kuliko wengine wote, kwa sababu njia ni ndefu na hatua zake ni fupi. Alikuwa amejivika mwenyewe. Mke wa mwanawe alikwenda kando yake, hakumshika, ila alichukua taa. Mlangoni pa kanisa pana ngazi tatu. Mama mzee akatangulizа mguu mzima, kisha mguu mgonjwa na fimbo. Na hivyo mara tatu.

Jina lake lilipoitwa alisogea, akainamisha kichwa, padri akambatiza. Ndipo mama yake wa ubatizo akaja na vazi jeupe. Mama mzee, kwa mazoea ya miezi saba, akanyosha mkono alitwae ajivike mwenyewe. Mama wa ubatizo akatikisa kichwa kwa upole. Mama mzee akaelewa, akaishusha fimbo, akanyosha mikono yote miwili, akakaa kimya mpaka akavikwa.

Vazi lile hakuna ajivikaye mwenyewe. Neema ya ubatizo haifumwi na mtu, wala hainunuliwi, wala hastahiliwi nayo kwa kuwa amejua kusoma au amefunga siku nyingi. Ni Kristu amvikaye mtu kwa nafsi yake mwenyewe. Lakini kuanzia asubuhi ya Pasaka kila mbatizwa huanza kazi yake: kila alfajiri kujivika upole, kujivika subira, kujivika mapendo, kiungo kidhaifu kwanza, polepole, mlango umefungwa, jasho usoni, na Bwana amesimama mlangoni, tayari kuingia akiitwa.

MASWALI NA MAJIBU

Nani aliangusha minyororo ya Petro?
Mungu, kwa mkono wa malaika. Kwa kuwa Petro mwenyewe hakuweza.

Kwa nini malaika hakumvika Petro viatu?
Kwa kuwa Petro aliweza kujivika. Na lile tuliloweza Mungu hutuachia tulifanye.

Amri za Mungu zafanana na makatazo ya mganga kwa namna gani?
Zimetolewa na yeye aponyaye, ili aliyeponywa asiumie tena.

Mkristu amsaidie mgonjwa namna gani?
Asimfanyie aliwezalo, asimwache katika asiloliweza, akae karibu naye.

Asiyeweza tena kujivika wala kutembea, aweza kumfuata Kristu?
Aweza, akipokea kwa upole mikono ya wale wanaomhudumia na kutoa mateso yake pamoja na ya Kristu.

SHAURI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni na amtembelee mzee mmoja au mgonjwa mmoja wa kijiji chake. Asimwulize, «Nikufanyie nini?» tu, bali pia, «Ni jambo gani wapenda kulifanya mwenyewe, nami nisimame karibu?»

SALA YA MTU ANAYEJIFUNZA TENA KUTEMBEA

Ee Bwana Yezu, uliyetembea katika njia za Galilaya, na katika njia ya msalaba ukaanguka na kuinuka, uitazame miguu yangu. Lile nisiloliweza, unifanyie. Lile niliwezalo, unipe subira nilifanye. Wanaonisaidia uwabariki, wala usiniache niwaonee haya. Na siku ile nitakapoinyosha mikono nivikwe na mwingine, unikumbushe kwamba wewe ulinivika kwanza. Amina.